Ziara ya mvinyo Naivasha ipimwe kwa maji

MTALII akitajiwa ufuo nchini Kenya, huwaza Mombasa, Malindi au Lamu. Ni wachache wanaowaza ukingo wa Ziwa Naivasha, na wachache zaidi wanaojua kwamba katika pembe hiyo ya Kaunti ya Nakuru, yapata kilomita 90 kutoka Nairobi, zabibu zimewahi kupandwa, kuvunwa na kutengenezwa mvinyo.

Historia yenyewe si ndefu. Serikali iliunda kampuni ya Kenya Wine Agencies mwaka wa 1969, na Wakenya wenye umri mkubwa hawajasahau mvinyo wake wa papai, ambao sifa zake tuziache hapo. Zabibu zilijaribiwa kando ya ziwa katika miaka ya 1980. Baadaye kampuni ya Kenya Nut, iliyojijengea jina kwa biashara ya makadamia, ilianzisha shamba la mizabibu katika eneo la Morendat, Naivasha, na kutoa mvinyo uitwao Leleshwa.

Leleshwa ni kichaka chenye majani ya rangi ya kijivu na harufu ya kafuri, kinachomea kwa wingi katika Bonde la Ufa. Wamaasai hutumia majani yake kama manukato. Kichaka hicho hicho hukatwa na kuchomwa makaa, kwa hivyo jina lililo kwenye chupa ni la mmea ambao nao unahitaji hifadhi.

Mzabibu hustawi hapa, karibu kabisa na ikweta, kwa sababu ya mwinuko. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku huwa wa baridi. Hata hivyo, hakuna majira ya kipupwe ya kuulaza mzabibu usingizi kama ilivyo Ufaransa. Mkulima ndiye anayeamua msimu kwa mkasi wake: akipogoa, mti huchipuka upya. Ndiyo maana huko Dodoma, Tanzania, wakulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mvua nayo huleta kuvu, na kuvu huleta dawa. Mgeni ana haki ya kuuliza ni dawa gani inayonyunyizwa na mara ngapi.

Swali kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni la maji. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Maji yake husalia baridi, yasiyo na chumvi, kwa kuwa hupenya chini ya ardhi. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia huletwa na Mto Malewa kutoka milima ya Nyandarua. Ziwa lilitambuliwa mwaka wa 1995 chini ya Mkataba wa Ramsar kuhusu maeneo yenye majimaji, ilhali tangu miaka ya 1970 mashamba ya maua yamekuwa yakilizunguka na kulitegemea. Kiangazi cha 2009 kililifanya lipungue mno, na mapema 2010 samaki wengi walikufa. Muongo mmoja baadaye mambo yaligeuka: kuanzia 2020 maji yalifurika hadi mtaa wa Kihoto, na familia zikahama.

Kwa hivyo ziara inayojiita ya kijani haitoshi kuwa na matembezi shambani na glasi tatu za kuonja. Shamba linamwagilia kwa matone au kwa mitaro? Maji ni ya kisima, mto au ziwa, na je, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kipo? Kiwanda cha mvinyo hutumia maji mengi kuosha matangi, mapipa na sakafu, mara nyingi kuliko mvinyo wenyewe unaotoka. Maji hayo machafu hubeba sukari na asidi. Yakimwagwa ziwani bila kusafishwa hula oksijeni wanayohitaji samaki. Maganda na mbegu, kwa upande mwingine, hufaa sana kwa mbolea.

Mwenye siku mbili aanzie juu, katika sehemu za Wanjohi, ambako wakulima wadogo wamewahi kulipwa na watumiaji maji wa bondeni, kupitia mradi wa WWF na CARE, ili wapande nyasi na miti ya kuzuia mmomonyoko. Huko ndiko maji ya Malewa yanakotoka. Siku ya pili akodi baiskeli aingie Mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka wa 1984, mojawapo ya mbuga chache ambamo mgeni huruhusiwa kutembea bila gari. Jirani yake ni Olkaria, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981. Mvua ikitanda, asiingie kwenye korongo: mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo mwaka wa 2019.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, ilipewa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha kwenyewe. Inakataza kuwauzia pombe walio chini ya miaka 18, na siku za kazi baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni. Mashamba nayo si baa. Mgeni apige simu mapema kuuliza kama anapokelewa, kwani siku ya kunyunyiza dawa milango hufungwa, na atafute dereva asiyeonja.