Dawa ya mbu ukutani hukaa muda gani? Vipimo vya Migori na Homa Bay

Wapuliziaji wakija na pampu zao mgongoni, swali la wenye nyumba huwa moja: hii dawa itakaa hadi lini? Nalijibu kwa mfano wa Migori na Homa Bay, kule Ziwa Victoria, ambako malaria ni kali kuliko kwetu Pwani.

Upuliziaji ulirudi Migori mwaka 2017, na Homa Bay mwaka uliofuata. Mbu walikuwa wamezizoea dawa za jamii ya pirethroidi, zilezile za kwenye neti, ndipo ikaletwa pirimifosi-methili, gramu 1 kwa kila mita mraba ya ukuta. Shirika la Afya Duniani (WHO) huikadiria miezi minne hadi sita.

Makadirio hayatoshi, kwa hiyo mbu wenyewe huulizwa. Koni ndogo ya plastiki hubandikwa ukutani, juu, katikati na chini. Mbu kama 10 wa kike huingizwa, wakakaa dakika 30, kisha huhamishiwa kwenye vikombe na kupewa maji ya sukari. Baada ya saa 24 maiti huhesabiwa. Mbu hao hufugwa maabara na hawana usugu. Kizazi kinachotumika sana duniani huitwa Kisumu, maana asili yake ni huko huko. Kazi hurudiwa kila mwezi, nyumba zilezile. Vifo vikishuka chini ya asilimia 80, dawa imekwisha nguvu.

Klothianidini, dawa nyingine ya ukutani, huua polepole. Ukihesabu siku ya kwanza tu utaionea, kwa hiyo hungojewa siku kadhaa.

Maabara nayo hupima kemikali. Karatasi za kuchujia hubandikwa ukutani kabla ya kupulizia, kisha hubanduliwa na kupimwa dawa iliyozifikia. Hapo hujulikana kama mpuliziaji alifanya kazi au alipita tu.

Lakini vipimo hivi viwili vyaweza kupingana. Ukuta wa udongo huinywa dawa: kemikali imo ndani, mbu anatua juu. Nikilazimishwa kuchagua, nitaamini hesabu ya mbu.

Chokaa ni balaa zaidi, kwa sababu ukali wake huivunja dawa ya aina hii. Sisi wenye kuta za mawe na chokaa tusibebe miezi ya Migori tukaifanya yetu. Ukuta wetu upimwe wenyewe.

Tena kuna kukandika. Mtu akipigia ukuta udongo mpya au rangi mwezi mmoja baada ya kupuliziwa, amewafunikia mbu dawa. Wastani wa kaunti hautamwambia hivyo, na watoto wake watalala wakidhani wamekingwa.

Kama unataka kukarabati, maliza kabla ya wapuliziaji kufika. Wakija, waulize jina la dawa na uandike tarehe. Neti iendelee kutumika hata ukuta ukiwa na dawa.