Ugonjwa wa Njia Ndefu

Kibuyuni, karibu na Shimoni, siku hizi inajulikana kwa mwani. Maji yakitoka, kina mama wanaingia kufunga mbegu kwenye kamba. Lakini uchungu wa kuzaa haungoji maji kupwa wala kujaa. Ukimshika mtu usiku hapo, hospitali kubwa ni Msambweni. Na kwa miaka mingi, kesi ikiwashinda Msambweni, safari ilikuwa ya Mombasa, na kabla ya Mombasa kuna feri ya Likoni.

Naanza na njia kwa sababu fistula, au nasuri kwa Kiswahili cha kamusi, mara nyingi ni ugonjwa wa kuchelewa. Mtoto anakwama. Kichwa chake kinabana kibofu na ukuta wa uke kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, na baada ya saa nyingi, pengine siku mbili tatu, nyama ya hapo inakufa. Mara nyingi mtoto naye huzaliwa amekufa. Siku chache baadaye tundu linafunguka, na mkojo unatoka wenyewe, usiku na mchana. Kisha watu wanaanza: amerogwa huyo. Wengine mume anawaacha. Hakuna anayeuliza gari lilifika saa ngapi.

Zipo sababu nyingine, kama kisu cha daktari kilichokosea, saratani ya mlango wa kizazi, na ubakaji, kama walivyoona madaktari wa Panzi huko Bukavu. Ila huku kwetu, mtoto aliyekwama ndiye mwenyewe.

Si jambo geni. Henhenit, mwanamke wa kasri la Misri wa miaka 4,000 hivi iliyopita, maiti yake ilikutwa na tundu hilo hilo, na nyonga nyembamba. Karne ya 11, Ibn Sina aliandika kwamba msichana aliyeozwa mapema mno anaweza kuchanika kibofu akavuja hadi kufa, na akataka tabibu amfundishe namna ya kuzuia mimba. Ibn Sina bana, si NGO ya juzi! Anayesema habari za ndoa za utotoni zimeletwa na wazungu amsome huyo kwanza.

Tiba nayo ina deni. Kati ya 1845 na 1849, huko Alabama, daktari J. Marion Sims aliwafanyia majaribio wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi. Majina matatu tunayo: Anarcha, Betsey, Lucy. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi. Sims akajengewa sanamu New York, ikaondolewa 2018. Marekani fistula ya uzazi ilikaribia kuisha zamani, maana mama akikwama anapasuliwa mapema.

Kenya ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013. Hatua kubwa, sikatai, lakini ada haikuwa gari la saa nane usiku. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ililiona hilo: tangu 2009 ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa, ili mwanamke mwenye fistula aliye mbali apande basi aje kutibiwa bure. Nauli tu. Kwa wengi, hiyo ndiyo iliyokuwa imewaweka ndani miaka yote.