Nasaba ya Buli Lisilo na Chapa

Katika vyombo vya chai vya kauri vilivyofanywa Uingereza tangu miaka ya 1740 hata kufikia miaka ya 1840, vingi mno havina chapa yoyote chini ya kitako, na mtu aliyezoea kudhani kuwa kitu chema sharti kitangaze jina la aliyekifanya hustaajabu anapoligeuza buli la thamani, lenye maua yaliyochorwa kwa burashi laini na ukingo uliopakwa dhahabu, asione chini yake ila namba ndogo ya rangi nyekundu, au asione kitu kabisa. Kimya hicho kina sababu zake. Hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mfinyanzi kutia jina lake; matajiri wa London wenye maduka ya vyombo, ambao ndio waliosimama baina ya kiwanda na mnunuzi, aghalabu hawakupenda wateja wajue bidhaa ilikotoka wasije wakaifuata huko huko; na hata kiwanda kilichotia chapa mara nyingi kiliona yatosha kuitia katika buli, au katika vipande vichache vya seti, kikaviacha vikombe na visahani bila ya neno. Kisha seti ikarithiwa, ikagawanywa baina ya ndugu, ikauzwa mnadani, na kikombe kilichoachana na buli lake kikabaki bila ya shahidi wa asili yake. Jina la nchi lilianza kutiwa kwa kawaida baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 kudai kwamba kila bidhaa ya kigeni iandikwe ilikotoka, na kwa hivyo halina msaada wowote kwa vyombo ninavyovizungumzia hapa.

Wala chapa ikiwepo si hoja ya kukata shauri. Kiwanda cha Worcester, kilichoanzishwa mwaka 1751 na Daktari John Wall na wenzake, kilikuwa na alama yake ya mwezi mwandamo, lakini hakikuona haya kuiga pia panga mbili zilizopishana za Meissen ya Ujerumani. Na Thomas Turner wa Caughley, ambaye alikuwa amefanya kazi Worcester kabla ya kwenda zake, alitia herufi C iliyofanana mno na mwezi huo. Michoro nayo ilisafiri. Kauri nyeupe iliyotoka Worcester ilipelekwa London kwa James Giles ikachorwe na mafundi wake, na maua ya Kichina au ya Kijapani yaliyopendwa sokoni yalinakiliwa na kila mwenye tanuri, hata ikawa mchoro mmoja unaonekana katika kazi ya viwanda vingi visivyokuwa na ushirika wowote ila ushindani. Basi anayetaka kujua nasaba ya chombo, akiwa amenyimwa chapa na kudanganywa na mchoro, hulazimika kurejea katika kile ambacho hakikutoka kiwandani kwa urahisi, nacho ni kalibu.

Fundi alichonga kwanza mfano wa chombo, kisha ukafanyiwa kalibu, na kutokana nayo zikatolewa kalibu nyingine za jasi za kufanyia kazi ya kila siku, ambazo zilichakaa na kufanywa upya kwa kuufuata mfano ule ule. Mkono wa kikombe ulifinyangwa peke yake katika kalibu yenye nusu mbili, ukagandishwa mwilini kwa udongo mwembamba uliolainishwa kwa maji. Mdomo wa buli vivyo hivyo, na kirungu cha kifuniko vivyo hivyo. Kalibu hizo zilikuwa mali ya kiwanda, na ndani yake umekaa mkono wa fundi mmoja, pamoja na mazoea ya nyumba yake ya kazi: pembe ambayo mkono unajipinda, kichomozi cha kuegemeza kidole gumba, namna ncha ya chini ya mkono inavyokutana na mwili, umbo la kirungu, idadi na mpango wa matundu yaliyotobolewa nyuma ya mdomo ili kuzuia majani ya chai. Mwigaji aliyekiona chombo dirishani mwa duka aliweza kuchukua sura yake ya jumla. Mambo madogo haya hakuyachukua, kwa sababu hakuyatazama, au kwa sababu fundi wake alikuwa na mazoea mengine. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo elimu yenyewe, na kila anayeanza kuisoma ningemshauri aanze na mikono kabla ya maua.

Maumbo yalibadilika upesi kwa sababu chai yenyewe ilibadilika hali. Mwaka 1784 ushuru wa chai, uliokuwa umefika asilimia 119, uliteremshwa mpaka asilimia 12 na nusu, na kinywaji kilichokuwa anasa ya wachache, tena kilichoingizwa kwa magendo, kikaingia katika nyumba za watu wa hali ya kati. Na mwaka 1791 Kampuni ya India Mashariki ikaacha kuagiza kwa wingi kauri ya Uchina, ikawaachia wafinyanzi wa nyumbani soko lililokuwa na njaa. Mabuli ya awali yalikuwa ya mviringo kama yale ya Uchina, na chai ilinywewa katika vibakuli visivyo na mkono, ilhali kahawa ilikuwa na kikombe chake chenye mkono. Na kwa kuwa hakuna anywaye chai na kahawa kwa wakati mmoja, kisahani kimoja kilitumikia vyote viwili. Karibu na mwisho wa karne ile buli likafuata umbo la vyombo vya fedha: likawa la duaradufu, lenye kuta zilizosimama wima na mdomo ulionyooka. Kiwanda cha New Hall, kilichotokana na wafinyanzi wa Staffordshire walioinunua hataza ya kufanyia kauri ya Richard Champion wa Bristol mwaka 1781, ndicho kilichoyasambaza maumbo haya kwa bei ambayo watu wengi waliimudu; na hataza ilipokwisha muda wake mwaka 1796, waigaji wakatokea kila upande.

Waigaji hao ndio waliomshughulisha David Holgate, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya New Hall kiliwataja katika jina lake lenyewe. Vyombo vingi vilivyokuwa vikiuzwa kwa jina la New Hall havikuwa vya New Hall. Vilipopangwa kwa kufuata mikono na vifuniko, na namba za michoro zilizoandikwa chini yake zikalinganishwa, kwa maana kila kiwanda kilikuwa na hesabu yake na namba moja haikuwa na mchoro ule ule katika viwanda viwili ila kwa nadra, yakatokea makundi yaliyoshikamana yenyewe kwa yenyewe na kutengana na mengine. Wenye makundi hayo hawakujulikana, basi wataalamu wakaviita viwanda vyao kwa herufi: X, Y na Z.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na kikombe kinachoitwa kwa jina la London, ambacho kilianza kupendwa karibu na mwaka 1812, kikombe kinachopanuka kuelekea mdomoni, chenye bega chini karibu na kitako, na mkono wenye kona kali. Spode alikifanya, na Minton, na Coalport, na Ridgway, na wengineo wengi, wote sasa wakitumia ile kauri yenye majivu ya mifupa ambayo Josiah Spode aliistawisha karibu na mwaka 1800. Umbo la jumla hapa halisemi lolote ila zama, na hukumu hutegemea tofauti ndogo za kona ile. Ndipo umbo linapohitaji mashahidi wenzake: uzito, unene wa duara ya kitako, mng'aro uliopakwa juu ya udongo, na hata mwanga. Chombo cha Worcester cha karne ya 18 kikiinuliwa mbele ya taa huonyesha aghalabu rangi ya kijani, na kile cha Caughley huelekea rangi ya chungwa, ijapokuwa maumbo yao yanakaribiana mno.

Watu wa pwani yetu hawataiona ajabu elimu hii, kwani James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gedi mwaka 1948, aliikadiria miaka ya kuta na misikiti ile kwa vigae vya kauri ya Uchina na vya nchi za Kiislamu, na makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli yaliyojengewa ndani yake. Huko Uingereza nako ardhi imetoa hukumu mara mbili tatu. William Chaffers, mwandishi mashuhuri wa chapa wa karne ya 19, alieneza dhana kwamba vyombo vingi vyenye nembo za koo, ambavyo kwa yakini vilifanywa Uchina, vilitoka katika kiwanda kidogo cha Lowestoft, na jina hilo likavigandama. Lakini mahali pa kiwanda palipochimbuliwa mwaka 1902 zikaonekana kalibu na vigae vya kauri laini, ya namna nyingine kabisa, na vyombo halisi vya Lowestoft vikatambulika kwa kulinganishwa na kalibu zile. Mwaka 1990 uchimbaji wa Limehouse, mashariki ya London, ulifukua mabaki ya kiwanda kilichodumu miaka michache tu katikati ya miaka ya 1740; na kundi la vyombo lililokuwa likihesabiwa kuwa kazi ya William Reid wa Liverpool likahamishwa likarudishwa kwa wenyewe. Waliolikusanya kundi hilo kwa kutazama maumbo hawakukosea kusema kwamba ni la nyumba moja. Jina la nyumba ndilo lililokuwa si lake.

Geoffrey Godden, mfanyabiashara wa Worthing aliyetoa mwaka 1964 kamusi yake kubwa ya chapa za Uingereza, aliitumia sehemu kubwa ya umri wake kuandika pia juu ya vyombo visivyo na chapa, na Michael Berthoud alivikusanya vikombe kwa picha, mamia kwa mamia, ili msomaji aweke mkono kando ya mkono na kitako kando ya kitako. Herufi zile za X, Y na Z nazo zimependekezewa majina ya wafinyanzi, mengine kwa hoja nzito kuliko mengine. Mwuzaji mwaminifu akishika kikombe chenye mkono wa kundi lisilo na ithibati ya vigae, huandika katika kadi yake herufi ya kundi na miaka anayoikadiria, akaacha nafasi ya jina ikiwa tupu.