Imejisasisha au Imesasishwa? Historia Fupi ya Watumishi wa Chinichini wa Kompyuta

Mafundi wa kompyuta katika maofisi wamezoea kusikia lalamiko moja: "Mashine imeanguka yenyewe, wala sikugusa kitu." Mara nyingi msemaji husema kweli. Aliyegusa ni programu iliyokuwa ikifanya kazi chinichini bila kuonekana kwenye kioo. Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi historia ya programu za namna hiyo, hasa zile zinazosasisha nyingine, na kuonyesha kwamba uteuzi wa istilahi katika jambo hili si suala la ufasaha peke yake. Istilahi isiyo sahihi humpeleka fundi mahali pasipo na kosa.

Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, wataalamu wa Project MAC walikuwa wakijenga mfumo wa kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja. Walihitaji programu ndogo ambazo zingefanya kazi zake bila kuamriwa na mtu kila mara. Waliziita kwa jina la kale la Kigiriki la pepo, wakimkumbuka pepo wa kubuni aliyefikiriwa na mwanafizikia James Clerk Maxwell mwaka 1867, ambaye kazi yake ilikuwa kuchambua chembe za gesi pasipo kupumzika. Mfasiri atakayeandika "shetani" atakuwa amefasiri neno na kuiacha maana. Pepo yule hakuwa mwovu, alikuwa mtumishi. Kwa sababu hiyo tunatumia hapa "mtumishi wa chinichini".

Kwa miaka mingi watumishi hao hawakuwa na mamlaka ya kubadili programu za mwenye mashine. Aliyetaka toleo jipya alinunua diski na kuiingiza kwa mkono wake, hivyo alijua siku na saa ya badiliko. Mwaka 1998 kampuni ya Microsoft iliingiza katika Windows 98 njia ya kupata masasisho kwa intaneti, lakini mtumiaji ndiye aliyekwenda kuyatafuta. Katika Windows Me ya mwaka 2000 mashine ilianza kuyatafuta kwa niaba yake.

Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nzito. Kiraka cha kuziba ufa uliotumiwa na kirusi cha Blaster kilitolewa Julai 2003. Kirusi chenyewe kikazuka Agosti, na kompyuta nyingi ambazo hazijatiwa kiraka zikaambukizwa. Kumngoja mwenye mashine akumbuke kulionekana kuwa hatari. Tangu Oktoba mwaka huo Microsoft ikaweka Jumanne ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya kutoa viraka.

Hata hivyo, mtumishi aliyepewa ufunguo wa nyumba aweza kuingiza kisichofaa. Tarehe 21 Aprili 2010, kampuni ya McAfee ilisambaza faili la kutambulisha virusi ambalo lililichukulia faili halali la Windows XP, svchost.exe, kuwa ni kirusi. Kompyuta zilizopatwa zilijizima na kujiwasha tena na tena. Tarehe 19 Julai 2024 yakatokea makubwa zaidi. Saa 1:09 asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili la data kwa programu yake ya ulinzi. Programu ilitazamia sehemu 20 za taarifa; faili likaja na 21. Ilipoitafuta ya 21 ikasoma mahali pasipo pake katika kumbukumbu, na Windows ikaanguka. Faili liliondolewa saa 2:27, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kupatwa.

Hapa ndipo istilahi inapogusa kazi. Wateja wengine wa CrowdStrike walikuwa wamechagua kuchelewesha matoleo mapya ya programu, wakidhani wamejikinga. Uchaguzi huo ulihusu programu, haukuhusu mafaili ya data. Nayo data ikawafikia. Kwa Kiswahili vitu hivyo viwili vyote huitwa "sasisho". Neno lenyewe ni zuri, limetokana na "sasa", lakini likiachwa peke yake linaficha tofauti ambayo mwaka 2010 na mwaka 2024 ndiyo iliyokuwa asili ya mkasa.

Tatizo la pili limo katika kitenzi. Tukisema "kompyuta imejisasisha", kiambishi -ji- kinaifanya mashine kuwa mtenda na mtendwa, na fundi huanza kukagua mashine. Tukisema "imesasishwa", sarufi yetu yenyewe inadai swali: na nani? Swali hilo ndilo mwanzo wa tiba. Fundi huuliza ni nini kilichobadilika tangu mashine ilipofanya kazi vizuri mara ya mwisho, na ni mtumishi gani aliyekibadili. Mwaka 2024 jibu lilipopatikana, dawa ilikuwa kuwasha mashine katika hali salama, ambayo huwaacha watumishi wengi wamelala, kisha kufuta faili ambalo jina lake lilianza na C-00000291. Kazi ikawa ngumu kwa sababu kompyuta nyingi zilibidi kushughulikiwa moja moja kwa mkono.

Kutokana na historia hiyo, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, "sasisho" libaki jina la jumla, na chini yake tutenganishe "toleo jipya" la programu na "data mpya" ya programu. Pili, katika miongozo na taarifa za hitilafu tuandike "imesasishwa na" pamoja na jina la mtenda, tukiepuka "imejisasisha". Tatu, tusichanganye hali za mashine: "imekwama" iwe pale inapowaka bila kuitikia, "imeanguka" pale mfumo wake unaposimama kwa kosa, na "imezimika" pale isipowaka kabisa.

Kutumia neno moja kwa hali hizo zote ni kama mgonjwa kumwambia daktari kwamba anaumwa, asiseme wapi. Mwalimu atakayezizoeza tofauti hizi darasani, na karani atakayeziandika katika ripoti yake, watakuwa wamemfupishia fundi nusu ya kazi.