Wazigua wa Juba na Njia ya Kurudi Handeni

Watu wanapozungumza juu ya utamaduni wa kabila fulani, aghalabu huanza na ardhi yake: hapa ndipo walipo, hiki ndicho kilima chao, huu ndio mto wao. Mazoea hayo yana manufaa, lakini pia yaweza kutupotosha. Yanatufanya tudhani kwamba utamaduni umo katika udongo, na kwamba mtu anayeihamisha familia yake huuacha nyuma pamoja na jiwe la kusagia. Katika makala hii tunakusudia kueleza historia ya Wazigua waliotoka Handeni na nchi za jirani, wakafika mto Juba huko Somalia, na ambao baadhi ya vizazi vyao walirudi Handeni baada ya zaidi ya miaka 150. Historia hiyo inaonyesha kwamba maswali yanayoifanya familia ihame ni yale yale siku zote: wapi tutapata riziki tunayoweza kuimudu, na wapi watoto wetu watalala salama?

Nchi ya Wazigua ni pana. Kitovu chake ni Handeni, nayo inagusa Korogwe upande wa kaskazini, inashuka hadi Pangani na pwani, na kusini inaingia sehemu za Bagamoyo. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni tambarare kavu yenye vichaka. Mvua hazina uhakika, maji ni ya shida, na tangu zamani mbung'o walizuia ufugaji wa ng'ombe katika sehemu nyingi. Kwa sababu hiyo Wazigua waliishi kwa jembe, na mvua iliposhindwa hawakuwa na akiba nyingine ya kutegemea. Ndiyo maana kuhemea, yaani kutoka na kwenda mbali kutafuta chakula, lilikuwa ni jambo la kawaida katika maisha yao.

Tena Wazigua hawakuwa watu wa mfalme mmoja. Waliishi katika vijiji vyenye viongozi wao, na undugu ulihesabiwa zaidi kwa upande wa mama. Mtu aliyehama hakupoteza ukoo wake, maana ukoo alikuwa nao katika damu. Mfano mmoja unaojulikana ni wa Kisabengo, Mzigua aliyejenga katika karne ya 19 mji wenye boma imara ulioitwa Simbamwene, mahali ulipo mji wa Morogoro leo. Watu walikimbilia huko kwa sababu nyakati zilikuwa za hatari, na ukuta ulikuwa na thamani kuliko shamba.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipata nchi ya Wazigua. Watu wengi waliteremka pwani wakitafuta chakula, na wapo waliojiweka rehani wao wenyewe au jamaa zao ili wapate kula. Masimulizi yaliyohifadhiwa na vizazi vyao yanaeleza jinsi walivyodanganywa. Wafanyabiashara waliwaambia kwamba ng'ambo kuna kazi na chakula tele, na kwamba baada ya misimu michache ya kulima watarudishwa kwao pamoja na ujira. Waliingia majahazini kwa hiari, wengine pamoja na wake na watoto. Walipofika Barawa, Marka na bandari nyingine za pwani ya Benadir, walijikuta wameuzwa, na wakapelekwa kulima katika mashamba ya bonde la mto Shebele.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Katika habari za utumwa tumezoea kusikia juu ya misafara, minyororo na uvamizi wa usiku, na hayo yote ni kweli. Lakini wako pia waliokamatwa kwa ahadi. Mzazi aliyekuwa na njaa alipima mambo mawili: kubaki na kuwatazama watoto wakifa, au kuwapeleka mahali palipoelezwa kuwa pana shibe. Alichagua kama mzazi yeyote angalichagua. Kosa halikuwa katika kuhama, bali katika uwongo wa yule aliyemwonyesha njia.

Baada ya miaka kadhaa, karibu mwaka 1840 au baadaye kidogo, kundi la Wazigua lilitoroka. Walikusudia kurudi kwao kwa miguu, wakifuata upande wa kusini. Masimulizi yanamtaja kiongozi wao kuwa ni mwanamke, mwaguzi aliyeitwa Wanankhucha. Yanasema kwamba walipofika bonde la mto Juba ardhi ilitetemeka, naye akafasiri kuwa ni ishara ya kuwataka wasiendelee na safari. Basi wakakaa.

Msomaji anaweza kuiamini ishara hiyo au asiiamini. Sisi tunaona kwamba iliafikiana na busara ya mkulima. Bonde la Juba, karibu na mstari wa Ikweta, lilikuwa na msitu mnene, maji ya mwaka mzima na udongo wenye rutuba. Tena lilikuwa na mbung'o, na kwa hiyo wafugaji waliowazunguka hawakupenda kuingiza mifugo yao humo. Kile ambacho mwingine alikiita balaa, kwao kilikuwa ngome. Msitu huo ulijulikana kwa jina la Gosha, na kwa miaka mingi uliwapokea watumwa wengine waliotoroka: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Gosha walikuwa na nguvu ya kutosha hata kiongozi wao mashuhuri, Nassib Bundo, akashughulika na watawala wa Zanzibar na wa Ulaya waliokuwa wakiigombania pwani ile. Hatimaye Wataliani walimtia gerezani, na humo akafa.

Maisha ya Juba hayakuwa mepesi. Serikali ya kikoloni ya Wataliani, iliyojidai kuufuta utumwa, iliwashurutisha wakulima wa bonde hilo kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hasa katika miaka ya 1930. Hata baada ya uhuru wa Somalia mwaka 1960, wengi wa watu hao walidharauliwa kwa sababu ya asili yao, wakapewa majina ya kuwabeza nywele zao na utumwa wa babu zao. Lakini katika hali hiyo Wazigua walihifadhi mambo makubwa. Waliendelea kusema Kizigua, na jina la Mushungulu walilopewa na majirani linatokana na neno Mzigua lenyewe. Walikumbuka koo zao za upande wa mama na ngoma zao, na waliwasimulia watoto wao kwamba asili yao ni nchi iliyoko kusini. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Ukiugeuza msemo huo utaona kwamba watu hawa, ingawa walifanywa watumwa, hawakuiacha asili.

Mwezi Januari 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa na Somalia ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakulima wa Juba hawakuwa na jeshi wala ukoo wenye bunduki wa kuwatetea. Lakini walikuwa na nafaka ghalani, na jambo hilo liliwaponza. Makundi yenye silaha yaliwanyang'anya, yakawaua, yakawavunjia heshima wanawake wao. Wengi walitembea hadi Kenya wakaingia makambi ya Dadaab. Wengine walipanda majahazi, wakafika Mombasa, na wapo waliosonga mbele hadi Tanga. Safari ya bahari iliyowachukua babu zao sasa iliwarudisha wajukuu.

Tanzania iliwapokea waliofika Tanga, ikawaweka katika kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni. Hapo lilitokea jambo ambalo kwa maoni yetu lina uzito mkubwa katika historia ya utamaduni wetu. Wageni walipozungumza, wenyeji walisikia Kizigua. Kilikuwa na maneno ya Kisomali ndani yake na matamshi mengine yaliyosikika ya kizamani, lakini kilikuwa Kizigua. Mkimbizi na mwenyeji waliweza kuulizana ukoo na kusalimiana kwa namna ya ndugu.

Hata hivyo undugu peke yake haulimi. Kwa miaka kadhaa watu hao waliishi kambini, wakitegemea posho. Mwaka 2003 walihamishiwa Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, mahali Serikali ilipotenga ardhi kwa ajili yao kwa kushirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Idadi yao ilikuwa kama 3,000. Hapo walipata mashamba, na watoto wao shule. Methali yetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mara nyingi tunaisema kwa kumsuta mgeni mvivu. Huko Chogo ilitimizwa kwa maana yake iliyo bora, maana jembe ndilo lililomwondolea mgeni ugeni. Baadaye Serikali ilianza kuwapa uraia, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamekwisha kupata hati zao.

Wenzao waliobaki Kenya walipata njia nyingine. Mpango wa kuwapeleka Msumbiji haukutimia, na mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea kama watu 12,000 kati yao. Walianza kusafiri mwaka 2003, wakatawanywa katika miji mingi. Lakini familia nyingi zilipanga upya mambo yao wenyewe. Katika miji mikubwa kodi ya nyumba ilikuwa kubwa, na watoto walikuwa katika hatari mitaani. Basi wakasikia habari za Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine, wenye baridi kali, uliokuwa na viwanda vya nguo vilivyokwisha kufungwa na nyumba nyingi zilizobaki tupu. Wasomali wengine walikuwa wameanza kuhamia huko tangu mwaka 2001. Si wenyeji wote waliofurahi. Mwaka 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiomba watu wapunguze kasi ya kuja, na Januari 2003 maelfu ya wakazi walikusanyika kuwatetea wageni. Watu wa Juba nao wakafuata. Walipopata ardhi, walipanda mahindi.

Ukiyatazama mambo haya kwa pamoja, utaona kwamba aliyeteremka Pangani wakati wa njaa, aliyejificha katika msitu wa Juba, aliyepanda jahazi kwenda Tanga, na aliyepakia mizigo yake kwenda Lewiston, wote walifanya hesabu ile ile. Tofauti iko katika mambo mawili: kama walielezwa ukweli juu ya mahali waendako, na kama walipofika walipewa mahali pa kulima na neno la kusema katika mambo yao.

Handeni haijaacha kupokea wahamiaji. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro, wengi wao Wamasai, zimehamishiwa Msomera, zikapewa nyumba na ardhi. Serikali ilisema kwamba uhamaji huo ni wa hiari; baadhi ya wakazi wa Ngorongoro na watetezi wa haki walisema kwamba watu walishinikizwa, na wako pia wakazi wa Msomera waliolalamikia ardhi yao. Hatutaki kuyalinganisha mambo yasiyolingana. Lakini ardhi inayowapokea ndiyo ile ile iliyowahi kuwapoteza watu wake kwa ahadi ya uwongo, na kwa hiyo ina haki ya kutukumbusha kipimo kinachofaa. Anayehama kwa kujua na kwa kuchagua hubeba asili yake pamoja na mzigo wake. Anayedanganywa au kulazimishwa atatumia vizazi vingi akitafuta njia ya kurudi, kama Wazigua wa Juba walivyoitafuta.