Ukatili wa kingono unaofanywa na wanamichezo

Ni tendo la kingono ambalo mwanamichezo humfanyia mtu bila ridhaa yake: kumshikashika, kumlazimisha kwa vitisho au kumbaka. Anayetendewa anaweza kuwa mpenzi, shabiki, mwanafunzi mwenzake au chipukizi wa klabu hiyohiyo. Nchini Burundi, sheria ya Septemba 22, 2016 inahusu kuzuia ukatili wa kijinsia, kuwalinda waathiriwa na kuwaadhibu watendaji.

Chanzo
Mwaka 1995 Crosset, Benedict na McDonald walichunguza mashauri ya nidhamu katika vyuo 10 vya Marekani. Wanamichezo walikuwa asilimia 3.3 ya wanafunzi wa kiume, lakini asilimia 19 ya walioripotiwa kwa ukatili huo. Kumbukumbu za polisi wa vyuo hazikuonyesha tofauti kubwa kiasi hicho. Mchezo wenyewe, basi, haumfanyi kijana mbakaji. Hatari huongezeka pale timu inapopima uanaume kwa idadi ya wanawake, wenzake wanaponyamaza, na viongozi wanapomficha nyota ili asikose mechi.

Kinga
Kocha husikilizwa na vijana kuliko watu wengi. Mpango wa Coaching Boys into Men humtaka azungumze nao kila wiki, kwa takriban dakika 15, kuhusu heshima na ridhaa. Ulijaribiwa katika shule 16 za Sacramento, Marekani; matokeo ya 2012 yalionyesha vijana wakiwa tayari zaidi kumzuia mwenzao anayedhulumu.

Burundi ina uzoefu wake pia. Abatangamuco, wanaume walioacha ukatili, hutoa ushuhuda mbele ya majirani kwa kuungwa mkono na shirika la CARE. Ushuhuda wa namna hiyo unaweza kutolewa hata kwa timu za vijana wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kabla ya mazoezi.

Msaada Bujumbura
Kituo cha Seruka, kilichoanzishwa na Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2003, huwapa manusura matibabu na ushauri nasaha. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo klabu imfikishe manusura kituoni kwanza.

Kisha klabu imsimamishe mtuhumiwa uchunguzi ukiendelea, na isikubali ubakaji umalizwe kwa maelewano ya familia. Maelewano hayo humnyima manusura haki, na humrudisha mtendaji uwanjani akiwa hajajibu lolote.