Dampa ya Krenki katika Injini Ndogo za Austin

Injini ya silinda nne iliyotokea mwaka 1951 katika gari la Austin A30, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 803 na krenki iliyolazwa juu ya beringi kuu tatu tu, haikuundwa kwa ajili ya mashindano, bali ilikusudiwa kumpeleka kazini mtu wa kipato cha wastani kwa gharama nafuu. Hata hivyo, ilipotiwa katika gari la Mini mwaka 1959, ikiwa na ujazo wa 848 na nguvu za farasi 34, wapenzi wa mwendo waliitamani, wakazipanua silinda zake na kuizungusha kwa kasi ambayo waasisi wake hawakuitazamia. Hapo ndipo ilipodhihiri haja ya dampa, nayo ni kifaa kifungwacho kwenye ncha ya mbele ya krenki, mahali pa pulei ya mkanda wa feni.

Kila mafuta yanapowaka ndani ya silinda, pistoni huisukuma krenki kwa kishindo, nayo, ijapokuwa ni ya chuma, hujisokota kidogo kisha ikajirudi. Injini ya namna hii ikizunguka mara 6000 kwa dakika hupata misukumo 200 katika kila sekunde. Na iwapo misukumo hiyo itaafikiana na mtikisiko wa asili wa chuma chenyewe, msokoto hukua kama pembea isukumwayo kila inaporudi, hata ufa ukaanza kwenye pembe za krenki na hatimaye ikakatika. Wala si lazima dereva ahisi neno lolote, maana mtikisiko huu ni wa kujisokota, hauitingishi injini nzima.

Maarifa ya kuuzuia yalitangulia injini hizi kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, watengenezaji wa injini za silinda sita walitaabishwa na krenki ndefu zilizotetema na kuvunjika. Na Frederick Lanchester, mhandisi aliyefanya kazi Birmingham, akapata hataza mwaka 1910 ya kifaa chenye bamba zilizolowa mafuta, ambazo kwa kusuguana huigeuza nguvu ya mtikisiko kuwa joto. Baadaye mpira uliogandishwa baina ya kitovu na pete nzito ya chuma ulifanya kazi hiyo kwa bei rahisi, na baada ya Vita Kuu ya Pili yakaja mafuta mazito ya silikoni, ambayo ndani yake pete huelea ikiwa imefungiwa chomboni.

Kampuni ya BMC, iliyoimiliki Austin, iliitumia hekima hiyo ilipotoa Mini Cooper S mwaka 1963, ikiwa na ujazo wa 1071, krenki ya chuma kilichogumishwa kwa naitrojeni, na dampa ya mpira. Gari la aina hiyo, likiendeshwa na Paddy Hopkirk, lilishinda mashindano ya Monte Carlo mwezi wa Januari 1964. Mwaka huohuo likafuata la 1275 lenye nguvu za farasi 76, ilhali Mini za kawaida ziliendelea kutembea na pulei tupu. Na mafundi wa miongo iliyofuata walipozipanua injini za 1275 hata zikafikia 1380, soko la dampa za watengenezaji wengine, za mpira na za silikoni, lilipanuka pamoja nazo.

Kuifunga dampa kunahitaji saburi. Katika Mini injini imelala kwa upana wa gari, radieta iko ubavuni karibu mno na pulei, basi fundi aghalabu huiondoa kwanza ndipo apate nafasi. Hukunjua bamba la kufunga boliti, akaifungua, kisha akavuta pulei kwa pula iliyoshika kitovu, kwani akiing'oa dampa ya zamani kwa kutekua pete ya nje, huupasua mpira. Halafu hukagua ufunguo unaoishikisha pulei kwenye krenki na sili ya mafuta, na kuhakikisha kwamba pete mpya haigusi kifuniko cha cheni ya taimingi. Mwisho huitafuta alama ya taimingi upya kwa kuipandisha pistoni ya kwanza hadi juu kabisa, maana mpira uliochakaa huiruhusu pete kuteleza, na alama iliyo juu yake ikawa ya uongo, hata moto ukawashwa kabla au baada ya wakati wake.

Kwa hiyo haifai dampa kuhesabiwa kuwa pambo, wala isitazamiwe kuongeza nguvu. Kabureta na kemishafti huipa injini kasi mpya. Dampa huiwezesha krenki kuistahimili kasi hiyo, na ndiyo sababu Cooper S haikupewa farasi wengi pasipo kupewa kinga. Mwenye kutunza injini ya kale na kutaka kuipanua na aianze gharama yake hapo, kwani krenki ikivunjika huweza kuiharibu na bloki.